Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo: Mvua ya Tabora Haisubiri Robo ya Pili

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi kutoka Tabora.

Ulipokutana na wakuu wa idara baada ya kuteuliwa, uliuliza swali ambalo halikupata jibu: inakuwaje idara ileile inayolia kwamba haina fedha za mafunzo kwa vitendo, ikifika tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, inakutwa na bakaa, yaani fedha zisizotumika? Tulitazamana, mhasibu akapekua makabrasha yake, kisha ratiba ikatupeleka kwenye chai. Swali lilikuwa la haki. Nalijibu hadharani kwa sababu wakuu wa idara wenzangu, hapa na kule Kigoma, huulizwa hilohilo na wakaguzi, na mzazi anayelipa ada naye anastahili kusikia jibu. Mkuu wa Chuo anayo nakala ya barua hii. Hakuna nililoandika humu ambalo hajalisoma kwenye madokezo yangu.

Jibu lenyewe ni kwamba fedha zinakuja, lakini hufika kazi iliyoziomba ikiwa imeshapita.

Mimi ni mkuu wa Idara ya Kilimo. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Mvua huanza Novemba, ikichelewa sana Desemba, na kufikia mwishoni mwa Aprili imekatika. Mwanafunzi wa stashahada anayetaka kujifunza kupanda mahindi ana wiki chache tu za kufanya hivyo, na zikimpita anasubiri mwaka mzima. Shamba letu la mafunzo halihitaji mambo makubwa. Ekari moja ya mahindi inataka kilo kama 10 za mbegu, mfuko wa mbolea ya DAP wa kupandia na mfuko wa mbolea ya Urea wa kukuzia. Ukiweka na dawa ya viwavijeshi vamizi, ambao tangu waingie nchini mwaka 2017 hawajatuacha, umemaliza sehemu kubwa ya orodha. Ni fedha ndogo kuliko posho za vikao ambavyo ningeweza kuvitaja, ila sitavitaja.

Sasa tazama fedha zinavyotembea. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kwenye karatasi kasma yangu, yaani fungu la idara katika bajeti, inafunguka siku hiyo. Lakini chuo chetu kwa sehemu kubwa kinaishi kwa ada, na Julai hakuna ada. Wanafunzi wanaripoti Oktoba wakiwa na nusu au robo. Sehemu kubwa ya wazazi wetu wako Urambo, Kaliua na Sikonge, na wengi wao ni wakulima wa tumbaku. Oktoba mkulima wa tumbaku hana kitu. Yuko kwenye vitalu, anahangaika na miche. Fedha anaishika masoko yakishafunguliwa, kuanzia Aprili au Mei kwenda mbele. Hapohapo chuo kinatangaza kwamba mwenye deni hataingia kwenye chumba cha mtihani wa mwisho, na wazazi wanalipa. Kwa hiyo akaunti inayosoma sifuri Septemba hunenepa Mei na Juni, mvua ikiwa imeshaondoka na mahindi ya wenzetu yameshavunwa.

Kati ya hapo kuna ununuzi. Tangu mwaka 2023 manunuzi yote yanapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na sheria mpya ya ununuzi wa umma ya mwaka huohuo imekaza kamba. Mimi ni miongoni mwa wanaoupenda mfumo huo, maana umewapunguza wazabuni wa mfukoni, wale waliokuwa wakiuza kila kitu kuanzia chaki hadi ng'ombe. Lakini mfumo unataka kitu kiwe kwenye Mpango wa Ununuzi wa Mwaka, na unataka fedha yake iwepo kabla zabuni haijatangazwa. Naomba mbegu Septemba. Ombi linakaa. Novemba mwishoni naambiwa fedha imethibitishwa. Mzabuni anapatikana, naye hayuko Tabora, kwa sababu mwenye duka la pembejeo hapa mjini ninayemfahamu hajajisajili. Mzigo unashuka Januari. Mahindi yaliyopandwa Januari huku yana hatari ya kuishiwa mvua kabla punje hazijajaa, na mtaalamu wa kilimo anayeyapanda huku akijua hilo anawafundisha wanafunzi jambo baya. Kuna mwaka tulifundisha nafasi za kupandia, sentimita 75 kwa 30, kwa kamba na vijiti kwenye uwanja wa mpira. Mitihani walifaulu. Hao ndio leo maafisa ugani wa mtu fulani.

Halafu inakuja Juni. Mhasibu anapita idara kwa idara: leteni mahitaji haraka, mfumo unafungwa. Kila mtu anaandika kinachoweza kununuliwa kwa siku chache, na kinachonunulika kwa siku chache ni karatasi, wino wa printa na viti. Stoo yetu ina rimu za kutosha kuchapa mitihani mpaka mimi nistaafu. Mkuu wa idara asiyetaka kununua viti anaacha fedha, na hiyo ndiyo bakaa uliyoiona. Aliyenunua viti anaonekana ametekeleza bajeti kwa asilimia mia. Nikikuomba jambo moja la kubadili katika namna Bodi inavyosoma taarifa, ni hili: msitusifu wala kutulaumu kwa asilimia ya matumizi peke yake. Ulizeni fedha ilitoka mwezi gani, na ikanunua nini.

Nisiwatupie mzigo wote watu wa uhasibu. Sisi wakuu wa idara tuna mchezo wetu. Bajeti ikipelekwa juu, hurudi imekatwa asilimia fulani, ileile kwa kila idara na kila kasma. Mbegu hukatwa sawa na viburudisho. Walioshaujua mchezo hutia chumvi mapema: anayetaka mifuko kumi anaandika kumi na tano. Anayeandika ukweli anabaki na saba, na mwakani hatarudia kuandika ukweli. Nimekaa kwenye vikao ambamo kila mtu mezani alijua namba ni za uongo, pamoja na anayekata. Kukata kwa asilimia moja kwa wote kunaonekana kama haki, na kunamwepusha anayekata na lawama, lakini kunamnyima mtu aliye karibu na kazi nafasi ya kusema kipi kife na kipi kibaki. Mtupe ukomo wa bajeti kwa maandishi kabla hatujaanza kuandaa. Mkilazimika kupunguza, mturudishie tupange wenyewe. Mimi ninaweza kuacha ziara ya mafunzo ya nje ya mkoa na kuacha kiyoyozi cha ofisi yangu. Urea siwezi, kwa sababu nusu ya somo la lishe ya mimea iko humo.

Jambo la kushangaza, Mheshimiwa, ni kwamba bajeti ikishapitishwa sisi hatuioni. Niliandika maombi, sikuletewa kilichokubaliwa. Kwamba kasma yangu imehamishiwa kwenye matengenezo ya gari nilikuja kujua siku nilipoomba dawa ya kunyunyiza. Pengine uhamisho ulikuwa wa halali na gari lilihitaji kweli. Mimi mwenyewe nalipanda. Lakini naitwa msimamizi wa fedha ambazo sijui zimebaki ngapi. Karatasi moja kwa mwezi ingetosha: kilichoidhinishwa, kilichotolewa, kilichotumika, kilichobaki, idara kwa idara, ibandikwe hata kwenye mbao za matangazo.

Kuhusu msimu, dawa ipo na haihitaji fedha mpya. Fedha za Mei na Juni zinunue pembejeo za msimu unaofuata badala ya viti. Hapa lazima tuwe makini, kwa sababu si kila kitu kinavumilia kukaa. Mbolea ikiwekwa pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta, itasubiri Novemba bila shida. Majembe, bomba za kunyunyizia, mizani, kamba na mabuti vinasubiri vilevile. Mbegu isinunuliwe Juni. Kinachopatikana madukani mwezi huo mara nyingi ni salio la msimu uliopita, na uotaji wake hauaminiki. Ya msimu mpya hufika kuelekea Septemba na Oktoba. Dawa nazo zina tarehe za kuisha muda, na mkaguzi akizikuta stoo zimepita anaandika hoja, na ana haki. Kwa hiyo sehemu kubwa inunuliwe Juni, ikibaki mbegu na dawa pekee, ambazo fedha yake ni kidogo na Bodi inaweza kuelekeza itengwe ya kwanza katika robo ya Julai hadi Septemba, kabla ya kitu kingine chochote. Zabuni yake iandaliwe mapema ili Septemba kibaki kuagiza tu.

Kuna na mavuno. Mahindi na alizeti vya shamba la mafunzo huuzwa, fedha inaingia akaunti kuu ya chuo, na idara haisikii tena habari zake. Sisemi tutumie fedha mbichi, yaani kabla haijafika benki. Najua sheria inavyosema na najua watu waliopoteza kazi kwa hilo. Iende benki yote, ipewe stakabadhi. Naomba tu Bodi iamue kwamba sehemu yake inarudi kwenye kasma ya shamba katika bajeti inayofuata. Wanafunzi wakijua gunia wanalovuna ndilo litakalonunua mbegu za wadogo zao, hata palizi itakuwa tofauti.

Yako mengine: trekta linalolala wiki nzima huku idara ya jirani ikikodi la nje, na wakufunzi wa muda wanaolipwa muhula ukishapita, halafu tunashangaa hawarudi. Hayo yanaweza kumalizwa na sisi wenyewe tukikaa na Mkuu wa Chuo, na sitaki kuyachanganya na lile linalohitaji muhuri wa Bodi.

Naomba suala la ununuzi wa pembejeo kabla ya msimu liingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, na ikiwezekana kikao hicho kifanyike kabla ya Mei. Nikiitwa nitakuja na leja ya stoo, tarehe ambazo kila mzigo ulipokelewa, na kalenda ya upandaji ya msimu ujao. Mjumbe anayetaka kuhakiki habari za rimu anakaribishwa. Ufunguo uko kwa mtunza stoo na ameshaambiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Idara ya Kilimo
Tabora