Mumbai ina fedha, lakini ilikaa karibu miaka minne bila madiwani

Ndugu Mhariri,

Kila mvua zinapotufurisha hapa Dar es Salaam, hakosi mtu wa kusema tukajifunze Mumbai. Watanzania wengi wamefika kule kwa matibabu au biashara, na sifa wanazorudi nazo si za uongo. Lakini kuna jambo zinaliruka, nami naomba nafasi nilieleze.

Kwanza nikubali yanayokubalika. Halmashauri ya Mumbai, maarufu kama BMC, ni tajiri kuliko zote India. Bajeti yake ya 2025-26 ilivuka rupia bilioni 744, nyingi kuliko za baadhi ya majimbo ya nchi hiyo. Ina hospitali zake kubwa, mojawapo KEM iliyofunguliwa mwaka 1926, na vyuo vya kufundishia madaktari. Shule zake zinafundisha kwa lugha nane. Maji inayavuta kutoka maziwa na mabwawa saba, mengine yakiwa mbali sana na jiji. Korona ilipoingia Dharavi, mtaa mkubwa wa mabanda jijini humo, mwaka 2020, watumishi wa jiji ndio waliopita vichochoroni nyumba kwa nyumba wakipima watu.

Sasa tutazame upande wa pili. Machi 2022 muda wa madiwani 227 uliisha, na wananchi hawakupiga kura tena mpaka Januari 2026. Sababu zilizotolewa ni kesi za mahakamani kuhusu viti vinavyotengewa makundi yaliyoachwa nyuma kijamii, na mvutano wa mipaka ya kata. Katiba ya India inataka uchaguzi wa jiji ufanyike kabla miaka mitano haijaisha, kifungu ambacho hakina utata wowote. Hata hivyo ilibidi Mahakama ya Juu itoe amri mwaka 2025 ndipo mambo yakaanza kusogea.

Muda wote huo jiji lilikuwa chini ya kamishna, ambaye huteuliwa na serikali ya jimbo la Maharashtra. Sheria ya mwaka 1888, inayotumika hadi leo, tayari ilikuwa imemkabidhi utendaji wote. Meya ni wa heshima zaidi kuliko madaraka. Kilichombana kamishna ni kamati ya kudumu ya madiwani, kwa kuwa zabuni kubwa sharti zipite hapo. Madiwani walipoondoka, akakabidhiwa na mamlaka ya kamati hiyo, na ya baraza zima pia. Pendekezo likitoka ofisini kwake, linarudi kwake kuidhinishwa. Bajeti ya jiji ikawa inasomwa na wasaidizi wake mbele yake yeye.

Ndivyo zilivyopitishwa, mwanzoni mwa 2023, zabuni za kutandaza zege kwenye takribani kilomita 400 za barabara kwa rupia bilioni 60 hivi. Hakukuwa na diwani wa kuuliza bei imefikiwaje. Kabla mwaka haujaisha, mkandarasi aliyepewa eneo la kusini mwa jiji alivunjiwa mkataba kwa kutofanya kazi. Na mwanzoni mwa 2024 gazeti la Indian Express liliripoti kwamba fedha za jiji za kuendeleza majimbo ya uchaguzi ziliwafikia wabunge wa upande wa serikali, huku wa upinzani walioomba wakiambulia patupu. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu mtaro ulioziba haujui mkazi wake alimpigia nani kura.

Anayeumia zaidi ni yule asiye na pa kulalamikia. Sensa ya 2011 ilionyesha watu wapatao 4 kati ya 10 jijini humo wanaishi kwenye mitaa ya mabanda. Mitaa isiyotambuliwa rasmi ilinyimwa mabomba kwa miaka mingi, na wakazi wakanunua maji kwa wachuuzi kwa bei kubwa kuliko wanayolipa wenye maghorofa. Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Bombay, jina la zamani la Mumbai, iliamua kwamba maji ni sehemu ya haki ya kuishi na nyumba kukosa kibali si sababu ya kumnyima mtu. Uamuzi mzuri sana. Lakini kati ya uamuzi na bomba kuna fomu, foleni na ofisa wa kata, na mwenye kumsukuma ofisa huyo kwa niaba ya mkazi wa Govandi, jirani na dampo la Deonar, ni diwani. Tajiri wa Malabar Hill ana namna zake nyingine.

Kwetu nako mkurugenzi wa jiji ni mteule, si mchaguliwa, kwa hiyo habari hii si ya mbali. Naomba gazeti lako lifuatilie kama madiwani wapya wa Mumbai wataifungua mikataba iliyosainiwa bila wao, na kama wananchi wataonyeshwa hesabu za miaka hiyo. Na viongozi wetu wakienda kule kujifunza, wasiishie ofisini kwa kamishna. Waombe kuonana na madiwani wa kata maskini, wawaulize ni maombi mangapi ya maji waliyakuta yamelala mezani.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam