Diski ya nje ikigoma, inakiliwe kwanza kabla ya kutengenezwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wateja wetu, pamoja na mafundi wenzangu wa kompyuta, kuhusu diski za nje zinazoharibika zikiwa na picha za harusi, hesabu za maduka, tasnifu za wanafunzi na kumbukumbu nyingine ambazo hazipo mahali pengine popote. Kazi hii naifanya Kariakoo, na kinachonisikitisha ni kwamba diski nyingi tunazoletewa zingeokolewa laiti zisingeguswa tangu siku zilipogoma.

Mtu anachomeka diski, kompyuta inamwambia kwamba haitumiki mpaka ifomatiwe, yaani iandaliwe upya kama diski tupu, naye anakubali. Ujumbe huo hausemi kwamba mafaili yamefutika. Mara nyingi kilichoharibika ni orodha inayoonyesha kila faili limewekwa wapi, na mafaili yenyewe bado yapo. Ukifomati kwa njia ya haraka, orodha mpya tupu huandikwa na matumaini hubaki. Lakini kufomati kikamilifu, katika Windows kuanzia toleo la Vista, huandika sifuri diski nzima, na hapo hakuna fundi wa kurudisha kitu. Hata ile programu ya kukagua na kurekebisha makosa ya diski, ambayo wengi wetu huikimbilia, huandika mabadiliko yake kwenye diski hiyohiyo inayokufa, kwa hiyo si dawa ya kuanzia.

Diski inayotoa mlio ni jambo zito zaidi. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mlio wa tak-tak unaojirudia mara nyingi huashiria kwamba vichwa vimeharibika au vimepotea njia, na kadiri diski inavyoachwa izunguke ndivyo vinavyoweza kukwangua utando uliobeba data. Izimwe papo hapo. Nimewahi kupokea diski iliyokwisha kufunguliwa mezani dukani, skrubu zake nyingine hazipo, na juu ya sahani alama ya kidole gumba ikionekana wazi. Mteja alikuwa ameambiwa kwamba imesafishwa. Kubadilisha vichwa hufanyika katika chumba ambacho hewa yake imechujwa vumbi, kwa vipuri vya diski inayolingana nayo, na fundi asiye na chumba hicho anawajibika kumwambia mteja ukweli huo kabla hajashika bisibisi. Kuigandisha kwenye friji kwa matumaini kwamba itapona huleta unyevu ndani. Kubadilisha bao la saketi, hata kwa bao la modeli ileile, kwa diski nyingi za sasa hakutoshi, kwa sababu bao la awali lina chipu yenye vipimo vya diski hiyo peke yake, nayo lazima ihamishwe.

Kwa diski isiyo na mlio ila inasomeka kwa tabu, baada ya kujaribu waya mwingine na tundu jingine la USB, njia ipo na programu zake ni za bure. Programu ya ddrescue hunakili diski yote kwenda diski nyingine iliyo salama, ikichukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kurudia zile ngumu baadaye, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofikia ili kazi isianze upya umeme ukikatika, jambo ambalo kwetu si dogo. Utafutaji wa mafaili ufanyike kwenye nakala hiyo, kwa programu za TestDisk au PhotoRec, na kinachopatikana kihifadhiwe mahali pengine. PhotoRec hurudisha picha bila majina yake ya awali, na mteja aelezwe mapema asije akadhani ameibiwa folda zake.

Diski za SSD, ambazo huhifadhi data kwenye chipu bila sahani zinazozunguka, zina tabia yake: faili likifutwa, mfumo unaweza kuiamuru diski iyasafishe maeneo hayo yenyewe, hivyo muda wa kuokoa huweza kuwa mfupi sana.

Kwa mafundi wenzangu nina maombi mawili. Tuandike kwenye risiti kila tulichojaribu, ili fundi atakayefuata asibahatishe na mteja ajue diski yake imepitia nini. Na baada ya kukabidhi kazi, tufute nakala zilizobaki kwenye kompyuta zetu, kwa kuwa picha na hesabu hizo ni za mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taarifa za namna hiyo hata zikiwa juu ya meza ya fundi wa mtaani.

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam