Kaka anataka kuuza shamba la mama, na kuna watu mama aliowapa sehemu kwa mdomo

Shikamoo Anti,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbagala. Mama yetu alifariki mwaka huu kijijini kwetu, wilaya ya Newala, na arobaini tumeshasoma. Ninakuandikia kwa sababu kikao cha ukoo kimeitishwa hapa Dar es Salaam, nami natakiwa kutia saini muhtasari ambao moyo wangu unaukataa.

Kwanza umjue mama. Anayeijua Newala anajua shida ya maji ya kule juu. Utoto wetu wote wanawake waliamka usiku kuteremka bondeni kuchota, wakipanda na ndoo kichwani mpaka jua linachomoza. Mama alipopata hela ya korosho, kabla hata ya kubadilisha makuti ya nyumba upande wa pili, alichimba kisima cha kuvunia maji ya mvua uani na kukisakafia. Kiangazi kikikolea, wenye visima huuza maji kwa ndoo. Yeye hakuuza hata mara moja. Aliyekuja na ndoo alichota, na mwenye mgonjwa au mzazi nyumbani alichota kwanza. Tulipomwambia kisima kitakauka, alijibu, "Kikikauka tutakwenda bondeni wote."

Shamba lake alilipalilia kwa mkono. Mwezi wa sita alikuwa anahangaikia salfa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ubwiriunga, na kuanzia mwezi wa kumi alikuwa anaokota korosho tangu alfajiri. Katikati ya mikorosho kulikuwa na mihogo, kunde na mbaazi. Msimu wa 2018, fedha za korosho zilipochelewa na watu wakawa wanachimba ming'oko porini, alifungua ghala lake la makopa akagawa kwa bakuli. Hakuandika deni la mtu. Wengine walirudisha, wengine hawakurudisha, na aliendelea kusalimiana nao vilevile.

Sasa shida yenyewe. Upande wa chini wa shamba, mama aliwapa wajane wawili sehemu ya kulima. Hakuna karatasi, alisema tu mbele ya majirani. Mmoja wao amepanda mikorosho, na miche alipewa na mama mwenyewe. Sasa imeanza kuzaa. Kaka yangu mkubwa amepata mnunuzi wa shamba zima. Anasema tuuze, tumjengee mama kaburi la vigae, tumsomee hitima kubwa, kinachobaki tugawane. Mjomba anamuunga mkono. Wajane, anasema, walikuwa wageni wa mama, na mama hayupo.

Nisimwonee kaka. Mama alipolazwa, yeye ndiye aliyeuza pikipiki yake kulipia matibabu, na mpaka leo anapanga chumba kimoja na watoto wanne. Naye anamlilia mama kama mimi. Ila ninapofikiria vigae juu ya kaburi, na yule mama mjane akiambiwa aache mikorosho aliyoipalilia tangu miche, usingizi unanitoka.

Nimejaribu kuuliza. Shehe wa msikiti wetu alinieleza kwamba wasia unaishia theluthi ya mali, lakini alichokitoa mtu akiwa hai na mzima, akakikabidhi na mashahidi wapo, hicho ni hiba na hakiingii kwenye mirathi. Swali lake lilikuwa: mama aliwapa ardhi au aliwapa ruhusa ya kulima? Majirani wawili niliowapigia simu wamenipa majibu tofauti. Mwenyekiti wa kijiji naye ameniambia ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje bila halmashauri ya kijiji kuridhia, na kwamba kabla ya yote lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo. Nilipomweleza kaka alikasirika, akasema nataka kumpeleka mahakamani ndugu yangu wa tumbo moja.

Nimewaza kumwomba tuuze upande wa juu tu, huku chini tukawaandikishie wajane kijijini, na kisima kibaki wazi kwa majirani. Mnunuzi anataka lote. Nimewaza pia sehemu yangu ya mirathi yote iwe huko chini, nisipokee hata senti ya mauzo, ila sijui kama panatosha wala kama wenzangu watakubali.

Anti, na wasomaji mliopitia mambo ya mirathi ya shamba, nisaidieni. Nikikataa kutia saini, kikao kinaweza kuendelea bila mimi? Wale wajane waende wenyewe baraza la ardhi la kijiji sasa hivi, au wakifanya hivyo nitaonekana mimi ndiye niliyewatuma? Na kwa kaka, ambaye nampenda na ninajua shida zake, nianze na maneno gani kabla ya Jumapili ya kikao?

Msomaji wako,
Fundi cherehani, Mbagala