Tujenge ukumbi wa maigizo wa vijana Likoni, na michango ianze kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwasihi wakazi wenzangu wa Likoni, pamoja na wazaliwa wa huku wanaoishi kwingine, tuanze kuchanga fedha za kujenga ukumbi wa kudumu wa maigizo kwa ajili ya vijana wetu.

Tamasha za maigizo za shule zimekuwapo nchini tangu mwaka 1959, na kila mwaka walimu na wanafunzi wa Pwani hujitolea mno kuziandalia michezo, ngonjera na ngoma. Lakini kijana akishamaliza kidato cha nne, jukwaa lile humwisha. Wasiokubali kuiacha sanaa huunda vikundi, wakazunguka shuleni kuigiza vitabu teule vya fasihi kwa malipo madogo, na hufanya mazoezi popote panapopatikana, iwe ni chini ya mwembe, darasani siku ya Jumamosi, au katika ukumbi wa kukodi ambao hupokonywa mara tu anapotokea mwenye harusi. Kikundi ninachokilea kimewahi kufungiwa mlango siku ya onyesho huku tiketi zikiwa zimeshauzwa. Kwenda kutafuta ukumbi ng'ambo, kisiwani Mombasa, hakutufai, kwa kuwa mazoezi huanza jioni baada ya vibarua, na sioni mzazi atakayemruhusu binti yake kungoja feri saa nne za usiku. Nalitaja hili la mabinti kwa uchungu, kwani wao ndio wanaotutoka kwanza, na mara nyingi huwa ndio waigizaji wetu hodari zaidi.

Kodi huyaangusha hata makundi yenye jina. Phoenix Players ya Nairobi, iliyoanza miaka ya 1980, ilifunga milango mwaka 2017 baada ya kulemewa na malimbikizo ya kodi ya jengo. Ikiwa kundi lililokuwa na watazamaji wa jiji kuu lilishindwa, vijana wanaotegemea viingilio vya shilingi mia watamudu vipi?

Wapo watakaosema kwamba watu wa kipato chetu hawawezi kujenga ukumbi. Hao nawakumbusha Kamiriithu, karibu na Limuru, ambako mwaka 1977 wakulima na vibarua walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketi watu wapatao 2,000. Novemba ya mwaka huohuo serikali iliupiga marufuku mchezo wao, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Dola ya wakati ule haikuutaka ukumbi wa wananchi. Leo tunayo Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 11 inaitaka serikali kuendeleza sanaa, na ambayo imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za kitamaduni na majengo yake, kwa hiyo tunapoomba kutambuliwa tunadai haki iliyoandikwa.

Hata hivyo, jambo la kwanza liwe ni ardhi. Sisi wa Likoni hatuhitaji kufundishwa hatari ya kujenga juu ya ardhi isiyo na hati. Tumeuona mzozo wa shamba la Waitiki ukiwatesa watu kwa miaka mingi, hadi hatimiliki zilipotolewa mwaka 2016. Tofali la kwanza lisiwekwe kabla ya kiwanja kusajiliwa kwa jina la bodi ya wadhamini, ambamo wazazi na vijana wenyewe wawe na viti, ili asitokee mtu mmoja wa kukiuza wala kurithisha wanawe.

Kuhusu fedha, nasihi tusitegemee harambee moja kubwa yenye mgeni rasmi. Mwanasiasa akitoa bunda la noti mbele ya kamera, jengo huwa lake machoni pa watu, na uchaguzi ukibadilisha upepo huachwa likiwa msingi mtupu. Kaya 1,000 zikitoa shilingi 50 kila wiki kwa njia ya simu, mwaka ukiisha zitakuwa zimekusanya shilingi milioni 2.6, na kila kaya itakuwa na sababu ya kuuliza hesabu. Hesabu hizo zibandikwe kila mwezi misikitini, makanisani na kwa chifu. Vyama vya akina mama tayari vinaendesha michango yao kwa uaminifu wa namna hii, na ningependa mweka hazina atoke kwao.

Tusingoje jengo likamilike. Sakafu imara, paa, vyoo, umeme wa kutosha taa za jukwaani na chumba cha kufungia maleba vinatosha kuanzia. Kuta na viti vitafuata. Tusisahau bima, kwa maana ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ulioezekwa kwa makuti, uliteketea kwa moto mwaka 2002, na kuujenga upya kulihitaji msaada wa wafadhili kutoka nje, ambao sisi hatuna.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa itutengee kiwanja upande huu wa Likoni, na nawaomba wazee wa mitaa, maimamu, wachungaji na walimu wakuu waitishe kikao cha kuichagua kamati ya muda kabla ya shule kufungwa muhula huu.

Mlezi wa kikundi cha maigizo cha vijana,
Likoni, Mombasa