Usiniandike mfanyabiashara

Mwanangu,

Hapa Muheza hatujambo, ila mvua imenikatia biashara siku mbili. Barua hii anakuletea mjomba wako, anapeleka machungwa Iringa na ameniahidi atapita hapo Mafinga. Nimempa na sweta, maana baridi ya huko nimeisikia.

Ulipokwenda kambini kwa mafunzo ya JKT uliacha daftari kitandani, na ndani yake karatasi uliyojaribia kujaza habari zetu za kuombea mkopo wa chuo. Nimeisoma, nisamehe. Pa kazi ya mzazi umeandika "mfanyabiashara". Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi nakaanga mihogo stendi, mwanangu. Mfanyabiashara ni yule mwenye duka la saruji ng'ambo ya barabara. Bodi ya Mikopo haijawahi kuniona nikipuliza moto alfajiri. Inachokijua ni ulichoandika na karatasi ulizoambatisha, basi. Ukinipandisha cheo kwa kuona haya, wakakupa kidogo, utamlaumu nani? Andika: anauza mihogo ya kukaanga. Na kama kaya yetu imo TASAF, kwenye ule mpango wa kusaidia kaya maskini, andika imo. Najua hukutaka wenzako wajue, lakini fomu haibandikwi ubaoni.

Makaratasi nimeanza kuyakusanya, kwani ukitoka kambini siku zitakuwa zimebaki chache kabla dirisha la maombi halijafungwa. Cheti chako cha kuzaliwa RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo, wameshakihakiki. Cha marehemu baba yako ndicho kilichonitoa jasho. Miaka yote hii nilikuwa na kibali cha mazishi, nikidhani kinatosha. Hakitoshi. Wanataka cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Nimekifuatilia mpaka nimekipata, kukisoma njiani naona jina lake halina i ya mwisho, na kwenye cheti chako i ipo. Herufi moja! Nimekirudisha kirekebishwe, na nauli ya mara tatu imeshakwenda.

Usicheke. Kaka yako aliponzwa na kidogo kuliko hicho. Serikali ya mtaa walimsainia, hakimu akagonga muhuri, mdhamini akaweka sahihi yake. Kufika steshenari kuskani, ukapakiwa ukurasa wa mwanzo wa mdhamini, ule usio na sahihi. Hakuna aliyeangalia, hata mimi niliyekuwa nimesimama pale pale na 30,000 ya maombi mkononi. Majina yakatoka, awamu kwa awamu, lake halimo. Alikuja kupata kwa rufaa, lakini muhula karibu wote alikuwa akibebwa chumbani kwa rafiki yake, watu wawili godoro moja, wenzake wakila bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, yeye akiniambia kwenye simu ameshiba. Ile "nimeshiba, mama" bado naisikia.

Kwa hiyo siku ya kutuma maombi usimwachie kijana wa steshenari. Kaa wewe kwenye kile kiti, fungua kila ukurasa kwa macho yako kabla hajatuma. Na namba ya mtihani ya kidato cha nne iwe ile ile uliyoombea chuo.

Kuna na ule ufadhili wa Rais Samia, ulioanza 2022, wa wanaofaulu juu kabisa kwenye sayansi. Ule haurudishwi. Mkopo unarudishwa, muulize kaka yako anayekatwa 15% ya mshahara kila mwezi. Kwa PCB yako, yaani fizikia, kemia na biolojia, matokeo yakiwa mazuri sana, huenda jina lako likatajwa. Ila usiukalie kitako ukiungoja. Omba mkopo kama vile ufadhili haupo.

Mdhamini nimemwomba mjomba wako huyu huyu. Amekubali, lakini anataka alisikie ombi kutoka kinywani mwako. Mwamkie vizuri, mshukuru kwa sweta kama vile kalinunua yeye, halafu umkumbushe akirudi aniachie nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, maana mimi nimemwambia mara mbili na mara mbili amesahau.

Mama yako