Shoga yangu, nimekaa na swali lako wiki nzima

Shoga yangu,

Za huko Dar, joto linaendeleaje? Huku kwetu Nkuhungu upepo ndo huo wa mwezi wa saba, vumbi mpaka kwenye sufuria, asubuhi tunajifunika mablanketi kama wazee.

Ulivyoshuka kwenye treni ya umeme siku ile ukaniuliza eti haya maendeleo ya teknolojia yanatusaidia kweli au tunajidanganya, sikukujibu vizuri sababu nilikuwa nafurahia tu kukuona. Maana tangu hiyo reli ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024 unatoka Dar asubuhi na chakula cha mchana unakula kwangu, wakati zamani kwa basi siku nzima ilikuwa inaishia barabarani. Sasa mtu akiniambia hilo halina faida ntambishia hadi kesho. Ila swali lako lilibaki kichwani, alafu likatokea jambo la dada, ndo maana nakuandikia hivi virefu.

Unamkumbuka bibi yangu wa Mvumi? Magoti yake yalikuwa na sugu nyeusi, ngumu kama kisigino. Ni jiwe lile la kusagia. Alikuwa anapiga magoti alfajiri jua halijatoka, anasaga uwele anasukuma mbele anarudisha, mbele anarudisha, mpaka mgongo unakuwa kama umekatika, na huo unga wote unaisha kwa mlo mmoja tu wa watu nane na kesho anaanza tena. Mashine ya dizeli ilivyoletwa kijijini bibi aliilalamikia sana, eti unga unatoka wa moto na ugali hauna utamu, lakini hakurudi kwenye jiwe ata siku moja. Na mama yangu ndo akapata nafasi ya kwenda shule, sababu yeye ndo alikuwa wa kumpokea bibi akichoka kusaga. Kwahiyo mimi kusoma na kuandika hii barua imeanzia kwenye ile mashine, naamini hivyo kabisa.

Sasa dada. Si unajua ana genge la mboga pale Sabasaba, wateja wake wengi wanaagiza kwa simu, mchicha, mnafu, chainizi, anawafungia wanalipa kwa simu wanapitia jioni. Simu imemjenga, hilo nakiri. Mwezi wa tano mtaji ukayumba, akapakua programu moja ya mikopo, hakuna dhamana hakuna mdhamini, dakika tano tu. Ameomba 50,000 ikaingia 35,000, iliyobaki eti makato, na arudishe 60,000 ndani ya siku saba. Wakati anajisajili kuna mahali simu iliuliza iruhusu programu ione majina yaliyomo kwenye simu, yeye akabonyeza ruhusu, si ndo wote tunavyofanya? Siku ya nane hajalipa, wakaanza kutuma meseji kwa watu wake. Mchungaji alipata. Mwalimu wa mtoto alipata. Mkwe wake wa Kongwa, yule mzee ambaye dada ata kumwangalia usoni anaona aibu, naye alipata, "huyu ni tapeli, mwambieni alipe." Dada alizima simu siku tatu akalala ndani, na mboga zote zikamnyaukia sababu wateja hawampati.

Nililia shoga yangu, alafu nikakaa nikawaza. Mashine ya kusaga ulikuwa unapeleka debe lako, unalipa, unabeba unga unaondoka, haina habari na wewe wala na mkweo. Hii ya mkononi unaitumia na yenyewe inakuchukua wewe, majina ya watu wako, heshima yako, na ndo inachokamatia rehani. Kwahiyo sasa kila kitu kipya kikija naangalia kwanza kinataka nini kutoka kwangu zaidi ya hela, ata hii akili mnemba anayofanyia homuweki mwanao, iangalie hivyohivyo.

Na wala sio dada peke yake maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake ipo. Tatizo nani sokoni anajua? Mama muuza mboga anajua mkopeshaji wa kausha damu wa mtaani anayemfata na daftari, huyo ata akimtukana anamuona sura. Hawa wa kwenye programu hana pa kuwaona. Mimi naona hizo sheria zingetangazwa kwa spika pale sokoni kama wanavyotangaza chanjo, zingeokoa watu wengi.

Deni tumelichangia limeisha. Jumatatu naenda na dada kupeleka malalamiko, nimemwambia meseji zote asifute, tumeenda zitoa kopi stesheneri karatasi sita. Mkwe ndo bado, baba anasema twende Kongwa wenyewe tukaongee ana kwa ana, hilo la simu halifai.

Muulize na mdogo wako kama ana programu ya hivyo kwenye simu, aitoe leo. Na ukipata likizo nijulishe unakuja na treni ya saa ngapi, nikupokee stesheni, mlenda nshakausha wa kutosha.

Wako wa Nkuhungu