Hiyo hatua ya nyuma, somo yangu

Somo yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuupata ukumbi. Umeuliza kama dansi ya rokenroli inawafaa watu wa miaka 65 hadi 80, na uanzie wapi. Inawafaa. Ila kabla hujawasha muziki, tukae kidogo kwenye hatua moja ambayo wengi huipita mbio: ile ya kurudi nyuma.

Dansi hii imetokana na Lindy Hop, dansi ya wawili wawili ya Harlem, mtaa wa New York, iliyokulia Savoy Ballroom, ukumbi uliofunguliwa 1926. Askari wa Kimarekani wakaivusha hadi Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yale unayoyaona kwenye mashindano, watu wakirushana juu na kurusha mateke, yaache huko huko. Wewe fundisha ile ya miguu chini, ya mapigo sita. Anayeongoza anakanyaga kushoto kwa mapigo mawili, kulia kwa mapigo mawili, halafu mguu wa kushoto unarudi nyuma kwenye pigo la tano, na la sita uzito unarejea mguu wa kulia. Anayefuata anafanya hayo hayo kwa miguu ya upande mwingine. Hesabu kwa sauti: po-le, po-le, nyuma, mbele. Silabi za "pole" zinakaa moja moja kwenye pigo. "Nyuma" na "mbele" kila moja inabanwa kwenye pigo lake.

Sasa, kinachoharibika ni hiki. Mtu anarudi nyuma hatua kubwa, anatua na kisigino, uzito wote unamfuata, naye kwa hofu anamvuta mwenzake. Wanaenda wawili. Kijana angejirudisha kwa misuli ya shavu la mguu na nyonga kabla hata hajajua ameyumba. Kwa mzee misuli hiyo imepungua nguvu, na nyayo zinachelewa kutoa taarifa. Kwa hiyo hatua ya nyuma isizidi nusu ya urefu wa kiatu, itue kwa mbele ya wayo, kisigino kikibaki juu hakidhuru, na pua isiondoke juu ya vidole vya mguu wa mbele. Siku ya kwanza wafanye wakiwa wameshika mgongo wa kiti cha mbao kilichoegemea ukuta, mara nane, wapumzike, mara nane tena. Kiti cha plastiki hapana, kinapinduka nao.

Usiifute hatua hii kwa kuiogopa, maana ndiyo yenye faida. Mzee akifungua mlango unaomjia, au akiinuka kitini na kuyumba, kinachomwokoa ni mguu kuwahi kurudi nyuma na mwili kubaki mbele. Kutembea barabarani hakumfundishi hilo.

Kasi ndiyo kosa la pili. Nyimbo nyingi za miaka ya 1950 zinakwenda mapigo 160 hadi 180 kwa dakika. Anza na 110 au 120. Hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa nne. Zipo programu za simu zinazopunguza kasi bila kuufanya wimbo ukorome. Na utagundua jambo tamu: ubeti wa bluzi (blues, muziki uliozaa rokenroli) wa vipimo 12 vya mapigo manne manne una mapigo 48, yaani hatua kamili nane za mapigo sita. Wakishalisikia hilo, hata asiyejua muziki anajua wapi pa kuanza upya. Waliocheza twisti Nairobi enzi za mwanamuziki Daudi Kabaka, miaka ya 1960, watakutangulia kwa masikio, lakini twisti yenyewe waangalie: wayo uliong'ang'ania sakafu huku kiwiliwili kinazunguka hulipeleka zunguko lote gotini. Mwenye mifupa iliyopungua uzito asijipinde kiunoni. Ageuke mwili mzima, kwa miguu.

Mizunguko ya chini ya mkono isubiri wiki ya nne. Nusu mzunguko tu, na mkono usivutwe: anayeongoza anatoa vidole vilivyokunjwa kidogo, mwenzake anavitundika vyake juu. Dole gumba likibana, kiganja hakizunguki, na bega ndilo linalolipa. Mwenye bega bovu asiinuliwe mkono kabisa. Kwa wasiopenda kushikana mikono na wasio mahram wao, au wanawake wanaocheza wenyewe kwa wenyewe, sokota leso kama kamba, kila mmoja ashike ncha. Mimi ningeitumia hata kwa wengine, kwa sababu leso ikilegea tu unajua nani hasikilizi.

Viatu viwe vimefungwa nyuma, kisigino kifupi, soli nyororo. Raba za mazoezi zinanata. Ndala usiziruhusu mlangoni.

Kipindi kiwe dakika 45: kumi za kupasha mwili, kisha nyimbo na mapumziko. Wimbo wa enzi hiyo ni dakika mbili na nusu hivi, nao wapumzike muda huo huo. Usipime mapigo ya moyo, kwani baadhi ya dawa za presha huyazuia kupanda na utadanganyika. Waongeleshe: akiweza kusema sentensi lakini hawezi kuimba, yuko pazuri. Hawezi kusema, akae. Maumivu ya kifua yanamaliza dansi ya siku hiyo na kuanzisha safari ya hospitali. Wanaochoma insulini wawe wamekula, na juisi iwe karibu. Aliyebadilishwa nyonga au aliyepata shambulio la moyo karibuni alete kwanza neno la daktari wake.

Kuhusu akili, utafiti wa New York wa mwaka 2003 uliwafuatilia watu 469 waliopita miaka 75. Katika mazoezi yote ya mwili waliyoulizwa, ni dansi pekee iliyoendana na kupungua kwa ugonjwa wa kusahau. Usiwatangazie kuwa ni dawa. Huenda wanaoanza kusahau ndio huacha dansi mapema. Ila katika utafiti wa Magdeburg, Ujerumani, uliochapishwa 2017, watafiti waliwafundisha wazee mitindo mipya kila mara kwa miezi 18, na mizani ya mwili ikaimarika. Ndiyo maana nakusihi, wakishaizoea hatua, badilisha kitu. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na mazoezi ya mizani siku tatu. Vipindi vyako viwili vya wiki vinatoa 90, siku ya tatu wafanye ile ya kiti nyumbani.

Na wabadilishe wenza kila nyimbo mbili, hata wanandoa, hasa wanandoa. Mjane aliyekuja peke yake asikae ukutani akisubiri kuombwa. Kila mtu ataje jina la mwenzake kabla ya pigo la kwanza. Muziki uwe chini, maana vifaa vya kusikia hugeuza kelele kuwa mkwaruzo. Chai ije baada ya dansi, si kabla, na asiyeonekana mara mbili apigiwe simu.

Niandikie sakafu ni ya nini. Kama ni vigae, uliza wanaipiga deki saa ngapi.

Wasalaam,
Somo yako